Sharti Lililofichwa: Usawiri wa Nguvu za Kampuni katika Filamu Tano za Bunilizi ya Kisayansi

Ikisiri

Makala hii inahakiki usawiri wa nguvu za kampuni katika filamu tano za bunilizi ya kisayansi na njozi: Alien (1979), RoboCop (1987), Moon (2009), Sleep Dealer (2008) na Neptune Frost (2021). Hoja kuu ni kwamba filamu tatu za mwanzo zinaijenga kampuni kwa kaida moja ya msuko, inayoitwa hapa sharti lililofichwa: ndani ya mkataba au mtambo wa kampuni mna kifungu ambacho mfanyakazi hakijui, na msuko ni safari ya kukigundua. Kaida hiyo ina nguvu kisanaa, lakini imebeba dhana kwamba unyonyaji ni siri, na kwamba anayeijua siri amekwisha kuanza kukombolewa. Filamu mbili za mwisho zinasawiri nguvu isiyo na haja ya kujificha. Makala inahitimisha kwamba sharti lililofichwa ni mtazamo wa mtu aliyemo ndani ya mkataba, na kwamba uhakiki unaolifanya kipimo cha utanzu mzima utazisoma isivyo kazi zinazosimuliwa kutoka upande wa vibarua na wachimbaji.

1.0 Utangulizi

Kampuni ni mhusika mgumu kuigiza. Sheria huitambua kuwa nafsi: humiliki mali, hushtaki na kushtakiwa, na tangu uamuzi wa Baraza la Malodi la Uingereza katika shauri la Salomon mwaka 1896, imekuwa bayana kwamba nafsi hiyo ni tofauti na nafsi za wanahisa wake. Hata hivyo, nafsi ya kisheria haiwezi kusimama mbele ya kamera. Mwongozaji anayetaka kuisawiri hulazimika kutafuta kitu kinachoonekana: jengo refu, meneja aliyevaa suti, nembo, mashine au karatasi. Uteuzi huo hauishii katika fani. Ndio unaoamua mtazamaji atamlaumu nani, na atatoka ukumbini akiamini kwamba tatizo limekwisha au halijaguswa.

Kwa hadhira ya Afrika Mashariki, kampuni yenye mamlaka ya dola si jambo la kubuniwa. Mwaka 1884 Carl Peters alikusanya mikataba Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, na Februari 1885 jumuiya yake ikapewa hati ya ulinzi na Kaiza wa Ujerumani. Imperial British East Africa Company nayo ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, na utawala wake ukaendelea hadi serikali ya Uingereza ilipochukua eneo hilo mwaka 1895. Kwa hiyo uhusiano baina ya mkataba, kampuni na mabavu una historia ndefu katika eneo hili. Riwaya ya Kiswahili pia imekwisha kuitumia njozi kuyahoji mamlaka ya kisiasa na kiuchumi, kama inavyodhihirika katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila. Mhakiki wa Kiswahili anayezikabili filamu za bunilizi ya kisayansi haanzi mikono mitupu.

Makala hii inauliza swali moja: je, filamu hizi zinapoisawiri kampuni, zinaiweka wapi siri ya nguvu zake, na ni nani anayepewa nafasi ya kuigundua?

2.0 Mkabala wa Nadharia na Uteuzi wa Data

Uchambuzi unaongozwa na mihimili miwili. Mhimili wa kwanza ni nadharia ya Darko Suvin (1979), anayeiona bunilizi ya kisayansi kuwa utanzu wa ugenishaji tambuzi. Kazi huingiza kitu kipya kisichokuwapo katika ulimwengu wa msomaji, kisha kitu hicho hufuatiliwa kimantiki hadi ulimwengu uliozoeleka uonekane mgeni na uweze kuchunguzwa upya. Mhimili wa pili ni mawazo ya Karl Marx katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital (1867), hususani tofauti anayoibainisha baina ya sokoni, ambako mnunuzi na muuzaji wa nguvukazi hukutana kama watu huru walio sawa, na mahali pa uzalishaji, ambako usawa huo hutoweka. Mkataba husainiwa katika mahali pa kwanza, na matokeo yake huonekana katika mahali pa pili.

Kutokana na mihimili hiyo, kila filamu inaulizwa maswali mawili. Mosi, mfanyakazi anayajua masharti ya kazi yake wakati gani? Pili, kuyajua kunabadilisha nini? Filamu zimeteuliwa kwa usampulishaji lengwa, kwa vigezo viwili: mhusika mkuu awe mtu wa kazi, na nguvu inayopingana naye iwe kampuni au mfumo wa uzalishaji unaozilisha kampuni. Mpangilio wa mjadala unafuata hoja badala ya miaka. Ndiyo maana Moon inatangulia Sleep Dealer iliyotolewa mwaka mmoja kabla yake.

3.0 Agizo katika Chumba cha Mama: Alien

Alien, iliyoongozwa na Ridley Scott, kwa kawaida hujadiliwa kuwa filamu ya dubwana. Hata hivyo, mazungumzo yake ya mwanzo yanahusu malipo. Wafanyakazi saba wa chombo cha Nostromo, kinachovuta mtambo wa kusafishia madini pamoja na shehena ya tani milioni 20, wanaamshwa kutoka katika usingizi wa safari kabla ya kufika nyumbani. Mafundi wawili, Parker na Brett, wanalalamika mezani kwamba mgawo wao ni mdogo kuliko wa wenzao. Inapotolewa amri ya kwenda kuchunguza ishara iliyonaswa kutoka sayari isiyojulikana, Parker anakataa kwa hoja ya mfanyakazi yeyote: kazi hiyo haimo katika makubaliano. Ash, afisa wa sayansi, anamjibu kwa kutaja kifungu cha mkataba kinachowalazimu kuichunguza ishara ya aina hiyo, la sivyo wapoteze malipo yote. Parker ananyamaza. Dubwana halijaonekana bado, lakini uhusiano wa nguvu umekwisha kuwekwa wazi: kifungu kimoja kilichonukuliwa na anayekijua kinatosha kumnyamazisha asiyekijua.

Jina la chombo hicho limetoka katika riwaya ya Joseph Conrad ya mwaka 1904 kuhusu mgodi wa fedha katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini. Uteuzi huo unauunganisha mzigo wa madini angani na historia ya uchimbaji duniani. Kampuni yenyewe karibu haionekani. Katika mazungumzo wahusika huiita tu "Kampuni", kama watu wanavyoitaja serikali ya mbali.

Ripley ndiye msomaji mwaminifu wa kanuni. Kane anaporudishwa akiwa na kiumbe usoni, Ripley anakataa kufungua mlango kwa sababu kanuni ya karantini inakataza, na Ash ndiye anayeufungua. Kitendo hicho kina maana kubwa kwa hoja ya makala hii. Kanuni inayojulikana, iliyowekwa kuwalinda wafanyakazi, inavunjwa na mwakilishi wa kampuni kwa ajili ya kanuni nyingine isiyojulikana. Baadaye Dallas anaeleza kwamba Ash aliletwa siku mbili tu kabla ya safari kuanza, badala ya afisa aliyezoeleka. Kidokezo hicho kinapita haraka, na mtazamaji hukielewa kinyumenyume.

Ugunduzi unatokea katika chumba cha kompyuta inayoitwa Mama. Ripley anaketi peke yake katikati ya taa ndogondogo, na Agizo Maalumu namba 937 linajitokeza kwenye skrini: kiumbe kirejeshwe kwa uchunguzi, mambo mengine yote yafuate baadaye, na wafanyakazi wanaweza kupotea. Kwa vigezo vya Suvin, kiumbe ndicho kitu kipya cha filamu. Kwa vigezo vya msuko, kitu kipya hasa ni sentensi hiyo. Muda mfupi baadaye inabainika kwamba Ash ni roboti, yaani mwili ulioundwa ili kulitekeleza agizo hilo.

Swali la pili linapata jibu gumu zaidi. Kuijua siri kunamwezesha Ripley kukilipua chombo na kunusurika, lakini Kampuni haiguswi. Katika Aliens (1986) ya James Cameron, Ripley anaokotwa baada ya miaka 57, anakuta Kampuni ipo vilevile, na kikao kinamhoji kwa hasara ya chombo. Mfululizo huo unakiri kile ambacho filamu ya kwanza ilikipitia kimya kimya: aliyelisoma sharti ameokoka, lakini sharti nalo limeokoka.

4.0 Amri ya Nne katika Mwili: RoboCop

RoboCop ya Paul Verhoeven inalichukua sharti kutoka kwenye skrini na kulipandikiza katika mwili wa mfanyakazi. Katika jiji la Detroit la wakati ujao, kampuni ya Omni Consumer Products, yaani OCP, imepewa mkataba wa kuendesha polisi, na wakati huohuo inakusudia kuubomoa mji wa zamani ili ijenge mji wake mpya. Polisi Murphy anauawa kikatili na genge la Clarence Boddicker. Maiti yake inageuzwa kuwa malighafi. Wataalamu wanapojadili kama mkono wake uliosalimika uachwe au uondolewe, afisa mmoja wa kampuni anakumbusha kwamba marehemu alitia saini fomu za ridhaa alipojiunga na jeshi na kwamba kisheria amekwisha kufa. Hivyo kampuni inaweza kumfanya itakavyo.

Onyesho hilo limepigwa kwa jicho la Murphy mwenyewe. Mtazamaji analala mahali pa maiti na kuwatazama mameneja wakiinama juu yake, wakipongezana na kusherehekea. Kwa uteuzi huo wa kamera, Verhoeven anakipindua kipindi cha sokoni anachokieleza Marx: mtu aliyeuza nguvukazi yake kwa hiari anajikuta ameuza pia mwili wake baada ya kufa.

Roboti huyo amepewa amri tatu zinazosomeka, za kuutumikia umma, kuwalinda wasio na hatia na kuisimamia sheria, pamoja na amri ya nne iliyofungwa. Anapojaribu kumkamata Dick Jones, kigogo wa OCP anayeshirikiana na genge, mwili wake unazima. Ndipo Jones anamweleza kwamba amri ya nne inakataza kumkamata afisa mwandamizi wa kampuni. Sharti limegunduliwa, kama katika Alien. Tofauti ni kwamba hapa ugunduzi hausaidii chochote, kwa kuwa mgunduzi mwenyewe ndiye chombo cha utekelezaji. Murphy analijua sharti na analitii.

Mwisho wa filamu ndio unaohitaji uhakiki wa karibu zaidi. Katika ukumbi wa bodi, Murphy anaonesha ushahidi wa uhalifu wa Jones, naye Jones anamkamata mwenyekiti mzee na kumwekea bunduki. Mzee anamfukuza kazi papo hapo. Kwa kuwa Jones si afisa wa kampuni tena, amri ya nne haimkingi, na Murphy anampiga risasi. Hadhira hushangilia, na ni rahisi kuona kwa nini. Lakini haki imepatikana kwa tamko la mwajiri, wala amri ya nne haikufutwa: imetumika kwa ukamilifu hadi dakika ya mwisho. OCP bado ina mkataba wa polisi, mpango wa mji mpya haujafutwa, na mwenyekiti anampongeza Murphy kwa ulengaji wake na kumuuliza jina. Murphy anajibu kwa jina lake la kibinadamu. Jibu hilo ni ushindi wa nafsi iliyorejea, na filamu inautumia ushindi huo kufunika swali la kampuni iliyobaki.

Haitakuwa haki kuihukumu RoboCop kwa mwisho huo pekee. Matangazo ya biashara na taarifa za habari zinazoukatiza msuko zinaonesha jamii ambamo vita na maradhi vimekwisha kuwa bidhaa. Aidha, Jones anakiri bila haya kwamba roboti ED-209 ingeleta faida ya vipuri na matengenezo kwa miaka 25, iwe inafanya kazi au haifanyi. Kejeli ya filamu inaujua mfumo, ila msuko wake unamtafuta mtu. Mgongano huo baina ya kejeli na msuko ndio udhaifu wake mkubwa, na pia ndio chanzo cha uhai wake.

5.0 Mkataba wa Mtu Mwingine: Moon

Moon ya Duncan Jones inaifikisha kaida ya sharti lililofichwa katika kilele chake. Sam Bell anakaribia kumaliza mkataba wa miaka mitatu na kampuni ya Lunar Industries, akiwa peke yake katika kituo cha Sarang upande wa mbali wa mwezi. Kazi yake ni kusimamia mitambo inayovuna heliamu-3, ambayo huzalisha sehemu kubwa ya nishati ya dunia. Ameambiwa kwamba mawasiliano ya moja kwa moja yameharibika, hivyo anapokea ujumbe wa mkewe uliorekodiwa. Baada ya ajali, anaamka Sam mwingine, ambaye anamkuta wa kwanza bado hai. Wote wawili ni nakala zilizotengenezwa. Chini ya kituo kuna ghala la nakala zinazosubiri zamu, na chumba kinachodaiwa kuwa cha safari ya kurudi nyumbani ni tanuri la kuwateketeza waliomaliza muda.

Ugenishaji wa filamu hii uko katika dhana ya saini. Sam anakumbuka maisha, ndoa na makubaliano, lakini kumbukumbu hizo ni za mtu mwingine. Anautumikia mkataba ambao hakuusaini, kwa malipo ambayo hayatamfikia, akimtamani mke ambaye amekwisha kufariki na mtoto ambaye sasa ni msichana wa miaka 15. Uhuru wa sokoni, ambao kwa Marx ni sehemu ya lazima ya ujira, hapa umefutwa kabisa. Kilichosalia ni kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo inatosha kumfanya mtu afanye kazi kwa bidii.

Tofauti na Ash, kompyuta ya kituo, GERTY, inamsaidia Sam kuijua kweli kwa sababu imepewa jukumu la kumhudumia. Hivyo maneno ya kampuni yanageuka dhidi ya kampuni. Sam mpya anatoroka ndani ya chombo cha kusafirishia heliamu-3, amejipakia kama bidhaa. Sauti za redio zinazosikika mwishoni zinaeleza kwamba hisa za Lunar Industries zimeporomoka kutokana na ushahidi wake. Sauti nyingine inasema kwamba mtu huyo ama ni mwendawazimu ama ni mhamiaji haramu, na kwamba afungwe.

Kauli hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kwa saa moja na nusu mtazamaji amemjua Sam kuwa mfanyakazi aliyedhulumiwa. Anapotua duniani, machoni pa wenyeji amekuwa mgeni asiye na karatasi. Filamu inafungia hapo, mahali ambapo Sleep Dealer inaanzia.

6.0 Bei Langoni: Sleep Dealer

Sleep Dealer iliongozwa na Alex Rivera, ambaye mwaka 1997 alikuwa amekwisha kutoa filamu fupi ya kejeli, Why Cybraceros?, kuhusu wazo lilelile: kuichukua kazi ya Wameksiko bila kuwachukua Wameksiko. Kejeli hiyo inaurejelea mpango wa Bracero, ulioleta vibarua kutoka Meksiko kwenda Marekani kati ya 1942 na 1964. Msingi wa Rivera, kwa hiyo, ni historia ya ajira iliyosogezwa mbele hatua moja.

Memo Cruz anaishi na wazazi wake katika kijiji cha Oaxaca ambako kampuni ya Del Rio Water imejenga bwawa na kuuzingira mto. Yeye na baba yake wanatembea hadi langoni, wanatumbukiza pesa, kamera na bunduki vinawaelekea, na wanaruhusiwa kuchota kiasi cha maji walicholipia. Bei imepanda. Hakuna agizo la siri, hakuna amri iliyofungwa. Masharti yanatangazwa kwa sauti na mashine yenyewe. Baba anajua kilichotokea: shamba lilikuwa na maji, sasa maji yana mwenyewe. Swali la kwanza la uchambuzi, kwamba mfanyakazi anayajua masharti lini, linapata jibu ambalo filamu tatu zilizotangulia hazikulitoa. Aliyajua tangu mwanzo.

Ukatili nao hautendeki gizani. Redio aliyoiunda Memo inapodaka mawasiliano ya kampuni, nyumba yao inachukuliwa kuwa ngome ya magaidi wa maji, na ndege isiyo na rubani inaishambulia huku shambulio likirushwa moja kwa moja katika kipindi cha televisheni. Memo anaona kwenye skrini nyumba yao ikishambuliwa kabla ya kufika nyumbani. Katika Alien kampuni ilikificha kifo cha wafanyakazi ndani ya msimbo; katika Sleep Dealer inakitangaza kama burudani.

Memo anakwenda Tijuana na kuwekewa nodi mwilini ili neva zake ziunganishwe na mitambo. Katika kiwanda kilichojaa nyaya zinazoning'inia kutoka darini, anaziendesha roboti za ujenzi zilizoko upande wa pili wa mpaka. Msimamizi anamweleza mantiki ya kazi hiyo bila kificho: Marekani imepata ilichokitaka siku zote, kazi bila wafanyakazi.

Pamoja na hayo, kaida ya sharti lililofichwa haijatoweka katika filamu hii. Imehamishwa, na mahali ilipohamishiwa ndipo penye ushahidi mkubwa wa hoja ya makala hii. Anayepitia safari ya ugunduzi ni Rudy, rubani wa kampuni anayeishi San Diego, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko. Yeye ndiye aliyeamini kwamba anapambana na magaidi. Yeye ndiye anayeuona uso wa baba kabla ya kufyatua, kisha ananunua kumbukumbu za Luz, msichana aliyekutana na Memo safarini, ili ajue aliyemuua alikuwa nani. Aliyemo ndani ya mkataba ana siri ya kufichua. Aliyeko nje ana msiba wa kuomboleza. Siri pekee inayomhusu Memo ni kwamba Luz amekuwa akimuuza bila kumwambia. Kwa namna hiyo filamu inaonesha jinsi mantiki ya kampuni inavyoshuka hadi baina ya maskini wenyewe: sharti ambalo kampuni haina haja ya kulificha, Luz analazimika kulificha kwa sababu anampenda Memo.

Kilele cha filamu kina kasoro yake. Bwawa linabomolewa kwa ndege ya kampuni ikiendeshwa na Rudy kupitia nodi, hivyo ukombozi wa kijiji unategemea toba ya mtu wa ndani. Rivera anaipunguza kasoro hiyo kwa kutomaliza hapo. Rudy hawezi kurudi kwao. Memo naye anabaki Tijuana, karibu na ukuta wa mpaka, akipanda mazao kama baba yake. Maji yamerudi kijijini kwa muda, lakini kazi ya kuyalinda haijakwisha.

7.0 Mgodi na Wimbo: Neptune Frost

Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman ina uhusiano wa moja kwa moja na eneo la Maziwa Makuu. Ilipigwa Rwanda, matukio yake yamewekwa Burundi, na wahusika wake wanazungumza na kuimba kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Inaanzia katika mgodi wa koltani, madini yanayotoa tantali inayotumiwa katika vifaa vya kielektroniki. Mchimbaji kijana, Tekno, anasita kwa muda akilitazama jiwe alilolichimbua, na msimamizi anampiga hadi kufa mbele ya wenzake. Ndugu yake, Matalusa, anaondoka mgodini. Wakati huohuo Neptune, mhusika mwenye jinsia mbili, anakimbia kwao. Wanakutana Digitaria, makazi ya vijana yaliyojengwa kwa mabaki ya kompyuta na nyaya, na muungano wao unazaa nguvu inayoivamia mitandao ya ulimwengu mzima.

Katika filamu hii kampuni haina ofisi, meneja wala mkataba. Mtazamaji aliyezoea kumtafuta Dick Jones hatampata. Kukosekana huko kwa uso kunaweza kuhesabiwa kuwa udhaifu, kwani lawama inatawanyika baina ya msimamizi, dola na ulimwengu wa teknolojia. Hata hivyo, kuna usahihi fulani ndani yake. Mchimbaji aliye mwanzoni mwa mnyororo hamwoni mwajiri wa mwisho. Anamwona mwenye fimbo. Kumtafutia kampuni yenye jina na jengo kungekuwa kumpa mtazamo ambao nafasi yake katika mnyororo haimpi.

Filamu inaziba pengo hilo kwa vitu na sauti. Mavazi ya wahusika yamefumwa kwa vipande vya mashine, na kwa hiyo madini yaliyotoka ardhini hapo yanaonekana yamerudi yakiwa takataka. Wachimbaji wanaimba na kupiga ngoma ndani ya shimo la mgodi, na mdundo wa kazi unakuwa mdundo wa malalamiko. Ujuzi hauji kwa ufunuo wa maandishi. Umo ndani ya wimbo tangu onyesho la kwanza, na kinachotafutwa ni jinsi ya kuufanya usikike mbali. Uvamizi wa mitandao, ambao katika filamu nyingine ungekuwa njia ya kuiba siri, hapa ni njia ya kupaza sauti.

Sauti hiyo inajibiwa kwa mabomu. Digitaria inashambuliwa kutoka angani, na Neptune anabaki. Mwisho huo unaungana na wa Sleep Dealer katika jambo moja: kujulikana kwa dhuluma hakukuiondoa dhuluma, kwa sababu haikuwa imesimama juu ya kutojulikana.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi umebainisha makundi mawili ya usawiri. Katika Alien, RoboCop na Moon, nguvu za kampuni zimo katika maandishi yaliyofichwa: agizo, amri na mkataba. Ripley, Murphy na Sam ni waajiriwa walioamini kwamba wana haki fulani, na mshtuko wao unatokana na imani hiyo. Katika Sleep Dealer na Neptune Frost, nguvu hizo zimo katika umiliki wa maji na madini pamoja na silaha zinazoulinda umiliki huo, na wanaodhulumiwa hawakuhitaji kufunuliwa chochote. Tofauti hii haihusu ubora wa kisanaa. Moon ni kazi iliyokamilika zaidi kimsuko kuliko Sleep Dealer, na onyesho la Ripley katika chumba cha Mama halina mfano wake katika filamu nyingine nne. Inahusu mahali anaposimama msimulizi.

Matokeo haya yana athari kwa uhakiki. Mhakiki anayelichukua sharti lililofichwa kuwa kipimo cha filamu nzuri kuhusu kampuni ataiona Neptune Frost kuwa haina msuko, na baba yake Memo kuwa mhusika asiyekua. Atakuwa ametumia kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya mfanyakazi mwenye mkataba kumpimia kibarua asiyewahi kupewa mkataba wowote. Aidha, ataibeba bila kuihoji imani kwamba kazi ya sanaa ni kufichua, na kwamba ikishafichua imemaliza wajibu wake. Mikataba ya 1884 iliyotajwa katika utangulizi inaonesha hatari ya imani hiyo: hata baada ya masharti yake kujulikana, ardhi haikurudi kwa sababu ya kujulikana huko.

Makala inapendekeza kwamba tafiti zijazo zimwangalie mhusika wa kazi katika riwaya za njozi za Kiswahili kwa maswali yaleyale mawili: anayajua masharti lini, na kuyajua kunambadilishia nini. Kulinganisha majibu ya riwaya hizo na ya filamu zilizojadiliwa hapa kutaonesha kama bunilizi ya Kiswahili inamweka mtu wake ndani ya mkataba au nje ya lango.